Moto wa Matanga Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi kuna mtu analipwa kufagia mbele ya mlango wa dada yangu. Mwingine huja kuchukua nguo chafu na kuzirudisha zimepigwa pasi, hadi matambara ya jikoni. Wa tatu hubeba takataka. Bomba likivuja, unabonyeza kitufe ukutani na fundi mwenye sare anapanda na sanduku lake la vyuma. Umeme wa Kasese ukikatika, jenereta inanguruma yenyewe kabla hujashika kibiriti. Langoni kuna walinzi, ndani ya lifti kuna kioo cha kujitazama, na juu ya paa kuna bwawa la kuogelea. Dada yangu alipanda kulitazama mara moja tu, akauliza maji yale yanatekwa na nani.

Anaitwa Feresita. Jengo lenyewe liko ukingoni mwa mto Nyamwamba, upande ule wa mji ambao siku hizi umejaa kuta ndefu na mbwa wanaokula nyama. Jina lake limeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi za dhahabu, lakini sisi tunaliita Ghorofa tu, na ukimwambia mtu wa boda hivyo anajua pa kukupeleka. Mimi ni mdogo wake. Nauza mawese Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Naandika habari zake kwa sababu watu wanaonijua wakinikuta sokoni huniambia, "Mama Jolly, dada yako alipata," na mimi sijui niwajibu nini wakati wateja wanangoja.

Feresita aliolewa mtoni akiwa msichana mwembamba mwenye mikono mikubwa. Mume wake, Kosiya, alikuwa amefanya kazi kwenye migodi ya Kilembe katika ujana wake, na migodi ilipofungwa akarudi kwenye ardhi ya baba yake, kipande kirefu kinachoshuka hadi majini. Walijenga nyumba ya matofali ya udongo yenye mabati, wakapanda migomba, viazi vikuu na parachichi. Feresita alizaa watoto sita. Wawili walikufa wadogo, wakazikwa nyuma ya nyumba karibu na bibi yao, mama yake Kosiya. Mwanamke yule mzee alikuwa mkali. Dada yangu alimwogopa alipokuwa hai, na alipokufa akapalilia kaburi lake kila wiki kana kwamba bado anakaguliwa.

Mto ule ulikuwa ukifurika. Nilipokuwa nikilala kwao nilikuwa sipati usingizi, kwa sababu ya mawe. Nyamwamba ikijaa, mawe yanabingirika chini ya maji na kugongana, na sauti inaingia kitandani. Kosiya alikuwa akilala fofofo. Sauti ikibadilika tu, ndipo anaamka na kusema, "Toeni mbuzi." Mafuriko makubwa ya mwisho yalichukua shamba lote la mdogo wake, Syahuka, aliyepakana nao. Syahuka alikaza moyo akapanda mlimani, akanunua pahali Bwesumbu, akaanza upya na kahawa. Majirani wengine wakaenda. Feresita na Kosiya wakabaki. Maji yalikuwa yamewaachia mawe makubwa kama ng'ombe aliyelala, na dada yangu akawa anayakalia anapomenya muhogo.

Baadaye mto ukajengewa kingo za mawe na waya, na watu wenye pesa wakagundua kwamba pale kuna ubaridi, na kwamba asubuhi unaona mlima wote hadi kwenye barafu. Sisi tuliokuwa tunaona mlima ule tangu kuzaliwa hatukujua kwamba unauzwa.

Aliyeleta habari ya Ghorofa ni Benon, mtoto wao wa kwanza, anayeendesha gari la watalii huko Mweya. Benon si mtu mbaya. Amebeba wageni wengi sana, basi amezoea kuona kila kitu kupitia dirishani. Alikuja na watu wa kampuni, wakapima, wakaeleza: nyinyi mnatoa ardhi, sisi tunajenga, mnapewa fleti ya vyumba viwili, yenu na ya watoto wenu milele. Hakuna kulima, hakuna kuchota maji, hakuna mafuriko. Kosiya alikuwa na magoti mabovu. Feresita alikuwa amechoka kutoa mbuzi katikati ya mvua.

Siku ya kutia sahihi nilikuwepo, nimekuja na dumu la mawese. Walichinja kuku. Syahuka alishuka kutoka Bwesumbu kama ndugu wa mwenye ardhi, amevaa koti la harusi. Wakili wa kampuni alikuwa mwanamume mpole aliyekula bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa vidole bila kujivuna, tukampenda. Akasoma karatasi polepole. Akafika kwenye makaburi. Akasema makaburi matatu yaliyopo hayatachimbuliwa, yatatengewa mahali pake. Kosiya akaitikia kwa kichwa. Wakili akanyanyua kalamu akauliza, "Kuna jambo lingine lolote mnalotaka niandike?"

Hapo ndipo ilipotokea. Sote tulijua jambo lililobaki. Mwanamume kwetu huzikwa kwenye ardhi yake, na Kosiya alikuwa na mahali pake kando ya mama yake, pameachwa wazi tangu zamani, hapajapandwa hata mboga. Kila mtu pale ndani alikuwa amepaona. Lakini kwetu hutaji kaburi la mtu ambaye bado anakula. Ukilitaja umelichimba. Nilimwona Feresita akiangalia sahani yake. Kisha akasema, "Na mzee je, siku ile..."

Syahuka akamkata. "Shemeji! Unamchimbia mtu shimo na paja la kuku liko mkononi mwake?"

Watu wakacheka. Kosiya mwenyewe akacheka, akasema, "Mwacheni, ananitafutia fleti ya pili." Feresita akaficha uso kwa kitambaa chake kwa aibu. Wakili alisubiri kidogo, akafunga kalamu. Mimi pia nilikaa kimya. Nani angesema? Kama ningelisema na Kosiya akaugua mwezi uliofuata, wangeniita mchawi hadi leo.

Kujenga kulichukua miaka miwili, wakakaa kwenye nyumba ya kupanga mjini. Siku ya kuhamia nilikwenda kuwasaidia kubeba vyombo, lakini vyombo vingi havikuruhusiwa. Kinu, hapana, kinapiga kelele kwa wa chini. Kuku, hapana. Sigiri ya makaa, hapana, kuna jiko la gesi. Ungo wa kuanikia muhogo kwenye roshani, hapana, unaharibu sura ya jengo. Aliyetuambia haya ni meneja, Kobusingye, mwanamke wa makamo kama mimi, mwenye sauti nzuri ya kanisani. Hakutukemea. Alisema kila hapana huku amemshika dada yangu mkono, akimwita mama.

Tukashuka kutazama makaburi. Pale palipokuwa nyuma ya nyumba pamekuwa uwanja wa kuegesha magari, umelazwa matofali ya saruji ya kijivu na mekundu. Feresita akauliza mahali palipotengwa ni wapi. Kobusingye akatuonyesha: matofali mekundu, yamepangwa mistatili mitatu. Mmoja mrefu, miwili mifupi. Juu ya ule mrefu kulikuwa na gari.

"Hayajachimbuliwa, mama," alisema. "Wamelala kama walivyokuwa. Na sasa hata nyasi haziwasumbui."

Dada yangu alisimama pale na mikono yake mikubwa ikining'inia. Alikuwa amekuja na jembe dogo la kupalilia, amelifunga ndani ya kanga.

Naomba nisiseme uongo. Mwanzoni kulikuwa na siku nzuri. Kosiya alipenda maji ya moto, alikaa bafuni hadi tukadhani amezimia. Lakini madirisha yale yana vioo viwili viwili, ukiyafunga husikii mto. Kosiya hakuweza kulala bila kuusikia. Akiyafungua, mbu wanaingia, na kile chombo cha ubaridi kinapiga mlio. Akawa anakaa kwenye roshani amejifunga blanketi, anatazama maji yanayopita bila sauti ya mawe, maana kingo zile za waya ziliutuliza mto. Aliniambia, "Shemeji, siku ukija, nani ataniamsha?" Alikuwa anasema habari za mto.

Feresita alikosa kazi. Alipangusa meza iliyopanguswa. Alifua chupi zake kwa siri ndani ya beseni na kuzianika nyuma ya friji, kwa sababu aliona haya watu wa dobi wazishike. Siku alipokaanga samaki wakavu wa Katwe, jirani wa kushoto alipiga simu ofisini, akapanda mtu na chupa ya kupulizia manukato ukumbini. Nikienda kumtembelea, askari wa langoni, Aber, mama mrefu aliyewahi kuwa jeshini, ananisimamisha kila mara.

"Unaenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Unanijua, Aber."

"Mimi najua wewe. Hii lango haijui wewe. Kitambulisho!"

Kisha anapiga simu juu, anauliza kama mwenye nyumba anakubali mgeni. Dada yangu amenilea mgongoni. Sasa anaulizwa kama ananikubali.

Mwaka jana, mvua za mwisho, Kosiya alisema anataka kukaa kwangu Bwera kidogo. Benon akampeleka. Nyumba yangu ni ndogo, uani kuna madumu ya mawese na nzi, lakini alivua viatu mara tu aliposhuka garini. Alitembea peku uani akirudi na kwenda. "Kwako kuna vumbi," akaniambia, kama mtu anayesifu chakula. Nikaogopa. Mimi huwa naogopa mapema. Nikampigia Feresita nikamwambia, kama ninavyomwita tangu utoto kwa kuwa ni dada mkubwa, "Yaya, njoo, mume wako ana furaha sana." Akaja siku ile ile. Siku ya nne, Kosiya alianguka pale pale uani, upande mmoja umekufa. Tulimkimbiza hospitali, madaktari wakajitahidi, na asubuhi akatuacha, dada yangu amemshika mguu.

Kwetu marehemu huingizwa kwanza nyumbani kwake. Analala kwake, watu wanamlilia ndani, halafu anatoka kwa mlango wake mwenyewe kwenda shambani. Nje ya mlango unawashwa moto, na wanaume wanaukalia, na hauzimwi hadi matanga yaishe. Mambo haya hayana mjadala. Kwa hiyo Feresita aliposema, "Tumpeleke kwake," hakuna aliyeuliza kwake ni wapi.

Tulikodi pikapu ya Gracien, Mkongo anayebebea wafanyabiashara mizigo. Sanduku likawekwa nyuma, sisi wanawake tukalizunguka. Syahuka alikuwa ametangulia na wanaume wa ukoo, wanatusubiri nje ya Ghorofa na kuni kwenye magunia. Benon alitoka Mweya akatukuta njiani. Tulifika saa za mchana, jua kali, tukiimba.

Aber alitoka kibandani, akainua mkono. "Simama! Gari inabeba nini?"

Gracien akatoa kichwa. "Afande, tunaleta muzee. Iko na nyumba humu ndani."

"Mzee gani?"

"Kosiya. Wa chumba ya tatu juu."

Aber akaja nyuma, akaona sanduku. Alivua kofia. Alimjua, maana Kosiya alikuwa akimpa parachichi kila zikikomaa, parachichi za kununua siku hizi. Lakini akarudi mbele ya lango akasimama katikati. "Maiti hapana ingia. Iko amri. Ngojea meneja."

"Amri ya nani?" Syahuka akauliza. "Hii ardhi ni ya baba yangu."

"Mzee, mimi sikuuza ardhi yako. Mimi nalinda lango."

Kobusingye alikuja mbio, viatu mkononi. Alilia, na nadhani alilia kweli. Alituambia kamati ya wakazi imeshapigiwa simu. Kuna watu wana watoto wadogo. Kuna wageni wamekodi kwa wiki. Lifti haiwezi kuchukua sanduku, na ngazi ni za watu wote, haziwezi kupitisha maiti. Moto hauwezi kuwashwa popote.

Feresita akashuka kwenye pikapu. Hakupiga kelele. "Sawa," akasema. "Asiingie ndani. Apelekwe tu nyuma, kwa mama yake. Mahali pake papo. Wanaume wana majembe."

Kobusingye akamtazama kama mtu asiyeelewa, halafu akaelewa. "Mama," akasema taratibu, "hapo hapazikwi mtu. Makubaliano yanasema makaburi matatu. Hakuna la nne."

"Limeachwa tangu zamani. Kila mtu anajua."

"Kama lingeandikwa, mama, mimi mwenyewe ningesimamia wachimbaji. Mbona hamkusema?"

Nilimtazama Syahuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye magunia ya kuni, anafunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

Gracien ndiye aliyesema. "Maman, mimi nimezika watu Beni, nimezika Butembo, hata wakati ya vita. Lakini muntu kukatazwa kwake, hii naiona leo. Sasa tunageuza gari, ama tunafanya nini? Jua linapiga huyu muzee."

Kwa huruma Kobusingye alituruhusu kuingiza gari uwanjani, tusali kidogo, sanduku lisishushwe. Feresita akamwelekeza Gracien: pale, kando ya ule mstatili mrefu wa matofali mekundu. Lakini mahali hapo palikuwa pameegeshwa gari jeupe, na mwenyewe alikuwa amekwenda Mweya kutazama simba, na ufunguo wake. Benon alimjua mtu huyo. Ndiye aliyempangia safari.

Basi tukaegesha karibu, mbele ya mahali pa takataka. Tukaimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Kwenye roshani watu walitoka, wengine na simu zao mbele ya uso. Dada yangu alichuchumaa akagonga matofali mekundu kwa kifundo cha kidole, kama unavyogonga mlango, akasema kwa Lhukonzo, lugha yetu, "Mama, mwanao yuko hapa nje." Kisha tukaondoka.

Tulimzika Bwesumbu, kwenye kahawa ya Syahuka. Barabara ile ni mbaya, mara mbili tulishuka tukasukuma. Syahuka alichimba mwenyewe, alikataa kusaidiwa hadi koti la harusi likachanika kwapani. Alipomaliza alikaa kwenye udongo akaniambia mimi, si dada yangu, "Mama Jolly, nilikuwa namlinda." Nikamwambia najua. Kweli alikuwa anamlinda. Kosiya aliishi miaka minne baada ya kuku yule, na huenda Syahuka anaamini aliishi kwa sababu ya neno lile. Sasa amelala kwa mdogo wake kama mgeni aliyekutwa na giza njiani. Uji wa matanga tulinywea pale. Moto uliwashwa mbele ya mlango wa Syahuka, mlango ambao Kosiya hakuwahi hata kulala nyuma yake.

Tulifikiri Feresita atabaki mlimani. Benon alitaka hivyo, alikuwa ameshaanza kusema fleti inaweza kukodishwa kwa wazungu. Dada yangu akasema, "Mjane analia kwake." Nikashuka naye, maana ningemwachaje? Kichwani nilikuwa nikiona roshani, na jinsi ilivyo juu.

Siku moja jioni, jua bado lipo, nilikuwa nikioga katika yale maji ya moto. Nikasikia harufu ya moshi. Moshi wa kuni, si wa gesi. Nikatoka na taulo. Feresita alikuwa ukumbini, nje ya mlango wake, kwenye vigae vinavyofagiliwa kila asubuhi. Alikuwa amekaa chini, miguu amenyoosha, na mbele yake sigiri ndogo, aliyoipitisha langoni sijui vipi, labda Aber aliangalia pembeni. Ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vya kuni, zile za Syahuka. Moto ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa unawaka vizuri.

"Yaya, watakufukuza."

"Wanifukuze wapi? Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa na taulo na povu la sabuni shingoni, lakini nilikaa. Tukawa watu wawili kwenye matanga ya Kosiya, mbele ya mlango wake, kama inavyotakiwa. Akaanza kumlilia kwa sauti ya chini, akimtaja kwa majina yake, migodi yake, magoti yake, mbuzi wake. Nadhani hakumaliza hata habari za mbuzi. Kengele ya moto ikaanza kulia, mlio wa kutoboa masikio, jengo zima, na milango ikafunguka. Watu wakapita wakikimbia kuelekea ngazi, wamebeba watoto, kompyuta, mbwa mmoja mdogo mwenye nguo. Walituruka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mama, toka, kuna moto!" na dada yangu akamjibu kwa upole, "Ndiyo, upo."

Fundi alikuja na mtungi mwekundu akamimina povu jeupe juu ya kuni zile tatu. Sigiri ikatoa sauti kama mtu anayevuta pumzi, basi.

Tulikwenda kwenye roshani. Chini, wakazi wote wa Ghorofa walikuwa wamekusanyika uwanjani, kwenye matofali, kama walivyofundishwa. Wengine wamevaa magauni ya nyumbani, wengine kandambili. Walisimama wakizungumza kwa sauti ndogo, mikono kifuani, wakitazama juu kwenye roshani yetu. Walikuwa wengi kuliko waliofika Bwesumbu. Wengine walikuwa wamesimama juu ya ule mstatili mrefu, na mtoto mmoja alikuwa anaruka kutoka ule mfupi kwenda mwingine mfupi.

Feresita aliwatazama muda mrefu. "Wamechelewa," akasema, "lakini wamekuja."

Kesho yake tuliitwa ofisini kwa meneja. Ofisi iko chini, ina kiyoyozi na viti vya ngozi vinavyokumeza. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Kobusingye hakugomba. Alisema kamati imesamehe kwa sababu ya msiba, na sigiri itahifadhiwa stoo, na kama mama anajisikia mpweke kuna mshauri anayekuja kila Alhamisi, huduma hiyo imo ndani ya huduma za jengo. Akauliza kama kuna kitu chochote anachoweza kumfanyia.

"Kipo," dada yangu akasema. Alikaa wima kwenye kile kiti, mikono yake mikubwa magotini. "Chukua kalamu. Ile siku ya kuku tulinyamaza. Leo nataka kusema mbele ya mdogo wangu, na wewe uandike. Mimi sina udongo wa baba, sina wa mume. Mume wangu amelala kwa watu. Watoto wangu wawili wako hapo nje chini ya magari. Nataka iandikwe, wakikataa wakatae nikiwa na masikio ya kuwasikia. Siku mimi Feresita nitakapokufa..."

Kobusingye aliangusha kalamu. Aliiangusha kweli, ikabingirika chini ya meza. "Mama! Jamani! Usiseme hivyo!" Alishika mdomo kwa mkono. "Toa maneno hayo. Wewe bado una nguvu, Mungu atakuweka. Kwa nini unajiitia?"

"Andika."

"Siwezi, mama. Hata kwetu jambo kama hilo haliandikwi kwa mtu aliye hai. Mama yangu mzazi ana umri kama wako. Nikiandika, kisha ukaugua, mimi nitalala vipi?"

Dada yangu aligeuka akanitazama. Nilidhani atalia. Badala yake alianza kucheka, kicheko cha kweli, cha tumbo, ambacho sikuwa nimekisikia tangu walipohama, hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mdogo wangu," akaniambia, "kumbe Syahuka yuko hadi huku."

Kobusingye hakuelewa, lakini alifurahi kumwona anacheka. Akainama kuitafuta kalamu, akaiweka ndani ya droo, akaifunga. Kisha akabonyeza kitufe ukutani, akaagiza tuletewe chai. Ililetwa kwenye sinia, na biskuti, na vijiko vidogo. Tukainywa.